Kufundisha Hali ya Hewa kwa Vitendo, Darasa la Kwanza hadi la Nne: Mfano wa Dodoma na Uwanda wa Kati

1. Anga la uwanda wa kati

Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu wa kati, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kukoma Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Kwa wastani mvua ya mwaka haifiki milimita 600, na nyingi huja kwa vishindo: wingu zito la alasiri, ngurumo, mvua kubwa ya muda mfupi, kisha jua. Mara nyingi mtaa mmoja hulowa na mtaa wa pili ukabaki mkavu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutofautisha maeneo yenye mvua za Vuli na Masika, kama pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria, na maeneo yenye mvua za Msimu, ambamo Dodoma na Singida zimo. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa darasani. Mwanafunzi wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa akikaririshwa Vuli na Masika bila maelezo, anajifunza anga la watu wengine, na lile lililo juu ya paa la shule yake anabaki halijui. Kwa hiyo hali ya hewa haifai kuwa mada ya wiki mbili kitabuni. Inafaa kuwa zoezi la mwaka mzima la kutazama, kupima na kuandika, linalofuata majira ya mahali shule ilipo.

2. Kalenda ya shule na kalenda ya mvua

Muhula wa kwanza huanza Januari, mvua ikiwa imekwisha kushika. Azimio la kazi linalopanga kipimo cha mvua mwezi Juni au Agosti humwacha mwalimu na chombo kitupu. Mpangilio unaofaa uwanda wa kati ni huu: Januari hadi Aprili, mvua na mawingu, Mei na Juni, kukauka kwa ardhi na ukungu wa asubuhi pale unapotokea, Julai hadi Septemba, baridi ya alfajiri, upepo na vumbi, Oktoba na Novemba, joto kali na dalili za mvua, ikiwemo mibuyu kuchipua majani.

Februari hudai uangalifu wa pekee. Katikati ya msimu mvua ya Dodoma huweza kukatika kwa siku nyingi, wakati mahindi na mtama vinaihitaji zaidi. Chati ya darasa isiachwe siku hizo. Sifuri inayoandikwa siku baada ya siku ndiyo inayomwonyesha mtoto kwa nini shamba la nyumbani limenyauka ingawa mvua ilinyesha vizuri Januari.

3. Kipimamvua cha chupa

Chombo cha kwanza kutengenezwa ni kipimamvua, nacho hakigharimu kitu. Huchaguliwa chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Mwalimu huikata pale inapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, kisha sehemu ya juu hugeuzwa na kupachikwa ndani ya ile ya chini kama faneli. Kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawa, huwekwa kokoto na maji mpaka yafike mahali ambapo ubavu umenyooka. Usawa huo wa maji ndio sifuri. Karatasi yenye alama za milimita hubandikwa kuanzia hapo na kufunikwa kwa seloteepu isilowe.

Chupa hufungwa kwenye kigingi, mdomo ukiwa sentimita 30 hivi kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yasiingie. Ikae mbali na majengo na miti. Umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu unatosha. Kusoma hufanyika saa 3 asubuhi kila siku, muda uleule unaotumika vituoni, jicho la mwanafunzi likiwa usawa wa maji. Kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Baada ya kuandika, maji hupunguzwa mpaka kwenye sifuri. Jumatatu huandikwa jumla ya siku tatu, na chati ionyeshe wazi kuwa ni jumla.

Siku za jua kali maji ya kitako hushuka chini ya sifuri, na kila asubuhi hubidi yaongezwe. Mwalimu asilifanye jambo hilo kimyakimya. Awaulize wanafunzi maji yamekwenda wapi ilhali chupa haivuji. Swali hilo ni mlango wa somo la mvuke, na mtoto ameufungua mwenyewe.

Wanafunzi wa Darasa la Tatu na la Nne waweza kwenda mbele kwa hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati linalofunika mita 9 kwa 7 lina mita za mraba 63. Mvua ya milimita 20 hulimwagia lita 1,260, yaani madumu 63 ya lita 20. Mahali ambapo watoto huchota maji kwa dumu, hesabu hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili, na mazungumzo ya kuvuna maji ya paa huanza yenyewe.

4. Joto, kivuli na upepo

Kipimajoto kimoja kinatosha shule nzima. Kitundikwe kivulini, penye hewa ya kutosha, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini, kisiguse ukuta wala bati. Usomaji wa saa 3 asubuhi na wa saa 8 mchana huonyesha tofauti kubwa ya joto ndani ya siku moja, ambayo ni sifa ya nyanda za juu kavu. Dodoma, alfajiri ya Julai huweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na mchana wa Oktoba na Novemba hufika karibu nyuzi 31. Darasa la Kwanza, ambao bado hawajazoea namba kubwa, hutumia maneno baridi, vuguvugu na joto, pamoja na picha.

Fimbo iliyosimamishwa uwanjani hufundisha mwendo wa jua. Jua hufika juu kabisa Dodoma kati ya saa 6:20 na 6:50 mchana, si saa 6 kamili, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki zaidi. Mwezi Juni kivuli cha wakati huo huelekea kusini. Desemba huelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua huwa utosini na kivuli hutoweka miguuni mwa fimbo. Alama za mawe madogo, moja kwa kila mwezi, huacha uwanjani kumbukumbu ambayo darasa lijalo litaikuta.

Kwa upepo, utepe wa kitenge uliofungwa kwenye mti mrefu wa mkonge au kwenye bua unatosha. Mwanafunzi ajue kwamba upepo hutajwa kwa upande unakotoka: utepe ukielekea magharibi, upepo ni wa mashariki. Wakati wa kiangazi, upepo wa mashariki na kusini-mashariki ndio unaotawala. Hufika uwandani ukiwa umeacha unyevu wake mwingi kwenye milima ya upande huo, kama Ukaguru na Rubeho. Nguvu yake hupimwa kwa macho: moshi unapanda wima, majani yanatikisika, matawi yanayumba, vumbi linatimka. Visulisuli vya mchana, ambavyo watoto huvikimbilia, huonyesha jinsi hewa iliyopashwa moto na ardhi inavyopanda ikizunguka.

5. Mvuke na mawingu

Zoezi la kwanza ni dimbwi. Baada ya mvua, wanafunzi huchora kwa chaki ukingo wa maji yaliyotuama kwenye sakafu ya baraza, na kuchora tena kila baada ya nusu saa. Duara ndani ya duara huonyesha maji yanavyoondoka. Zoezi la pili ni sahani mbili zenye kipimo sawa cha maji, moja juani na moja kivulini.

Zoezi la tatu ni sufuria ya maji ya moto yenye mfuniko. Mwalimu peke yake ndiye anayeishika. Akiinua mfuniko, matone yaliyoning'inia chini yake huonyesha mvuke ukirudi kuwa maji unapogusa kitu cha baridi zaidi. Kila mtoto ameyaona matone hayo jikoni. Kazi ya somo ni kuyaunganisha na wingu: hewa yenye mvuke hupanda, hupoa, nao mvuke huwa vitone.

Aina tatu za mawingu zinatosha kwa umri huu: membamba kama nyuzi yaliyo juu sana, ya mafungu yenye kitako bapa, na yale marefu meusi yanayoleta ngurumo.

6. Kumbukumbu zinazoshikika

Chati ya kila siku yaweza kuchorwa upande safi wa mfuko wa saruji au kwenye boksi. Mwisho wa mwezi, kundi la zamu hukata bua la mtama lenye urefu sawa na mvua iliyopimwa: milimita 120 ni bua la sentimita 12. Mabua husimamishwa kwa kufuatana ukutani, na grafu imepatikana, tena kwa kipimo halisi. Yakiungwa yote pamoja, mvua ya mwaka mzima ya Dodoma humfikia mtoto wa Darasa la Kwanza mapajani tu. Ya Dar es Salaam, yenye wastani wa milimita 1,100 hivi, humkaribia utosini.

Umuhimu wa kuweka kumbukumbu unaonekana katika historia ya mkoa wenyewe. Wagogo waliupa jina la Mtunya ubaya wa miaka ya 1917 hadi 1920, ukame ulipokutana na unyang'anyi wa chakula na mifugo wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko Kongwa, mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulioanza 1947 uliachwa 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mvua haikutosha wala haikuja kwa mpangilio uliotarajiwa, na udongo wa mfinyanzi ukakauka kuwa mgumu kama tofali. Wataalamu walioupendekeza mwaka 1946 walikuwa wameikagua nchi kwa wiki chache tu.

Mfano wa tatu ni visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma. Vipimo vya zaidi ya nusu karne vimeonyesha kwamba maji yale ya chini ya ardhi hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mingi ikiwa ya El Niño, kama ule wa 1997/98. Bila watu waliosoma na kuandika kwa uvumilivu, jambo hilo lisingejulikana.

7. Usalama

Mafunzo ya vitendo yaambatane na kanuni zinazookoa maisha. Ngurumo ikisikika, kila mwanafunzi aingie ndani. Asijikinge chini ya mbuyu au mti wowote. Korongo kavu laweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, wakati juu yake jua linawaka. Mtoto asivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya kina kifupi, bali asubiri yapungue. Kanuni hizi ziigizwe na zirudiwe kabla ya Desemba, si baada ya ajali.

8. Uendeshaji na upimaji

Darasa lenye wanafunzi 80 haliwezi kuzunguka chupa moja. Makundi ya wanafunzi wanane yapewe zamu za wiki: wawili wasome, wawili wahakiki, wawili waandike, wawili watangazie shule mstarini. Kwa Darasa la Kwanza na la Pili, dakika tano za kila asubuhi ni zoezi la KKK pia, kwa kuwa mtoto husoma tarehe, huandika neno na huhesabu siku za jua kwa visoda.

Katika vijiji ambako watoto huzungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe nyumbani, waruhusiwe kutaja kwanza aina za mvua na upepo kwa lugha hizo, kisha mwalimu awape Kiswahili chake. Wazee waalikwe kueleza dalili za mvua wanazozitumia, nazo ziandikwe na kulinganishwa na vipimo bila kudharauliwa.

Upimaji wa umahiri utazame matendo: je, mwanafunzi anaweza kusoma kipimamvua bila msaada, kutaja upepo unakotoka, kueleza chati ya mwezi kwa maneno yake? Takwimu za shule zilinganishwe na taarifa za TMA za kituo cha Dodoma, mwanafunzi akielezwa kuwa tofauti si lazima iwe kosa, kwa sababu mvua ya ngurumo huchagua mahali. Shule jirani zibadilishane vipimo kila mwezi, na Machi 23, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, iwe siku ya wanafunzi kuwaonyesha wazazi kazi yao. Daftari la mwaka likabidhiwe kwa darasa linalofuata, maana baada ya miaka kumi shule itakuwa na takwimu za mahali pake ambazo mkulima wa kijiji aweza kuzitumia kupanga siku ya kupanda.