Umbali wa Ndege na Muda wa Safari: Kisumu Hata Mombasa



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya mambo mawili ambayo wengi huyadhania kuwa ni jambo moja, nayo ni umbali wa safari ya ndege na muda wa safari hiyo. Ayachanganyaye aweza kukosa kazi aliyoitiwa, au kufika mazikoni watu wamekwisha kutawanyika.

Natutazame safari ya kutoka Kisumu kwenda Mombasa. Kwa mstari ulionyoka, baina ya viwanja hivyo viwili vya ndege pana kilomita 695 hivi. Ndege iendayo kilomita 600 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa 1 na dakika 10. Lakini ndege haiendi kwa kasi yake kamili safari nzima. Kwanza hutembea chini mpaka mahali pa kurukia, kisha hupanda juu. Na ikaribiapo kutua hupunguza mwendo, tena huenda ikazunguka ili itue ikiuelekea upepo.

Na itakapowabidi kubadili ndege Nairobi, mtaona ajabu. Kutoka Kisumu hata Nairobi ni kilomita 280 hivi, na kutoka Nairobi hata Mombasa ni 420 hivi. Jumla yake 700. Umbali umeongezeka kidogo sana, kwa kuwa Nairobi i karibu na mstari ule ule. Lakini muda huongezeka mno, kwani kuna kushuka, kungoja, kukaguliwa na kupanda tena.

Ziko pia saa za nchi kavu. Abiria hutakiwa afike uwanjani mapema, na mlango wa kupandia hufungwa kabla ya saa ya kuruka. Huko Mombasa uwanja uko bara, wala si kisiwani. Aendaye Likoni kwa feri na aihesabu foleni ya kivukoni.

Tena iangalieni sana saa iliyoandikwa katika tikiti, maana haifuati hesabu yetu ya Kiswahili. Ikiandikwa 14.00, ni saa 8 mchana, ikiandikwa 08.00, ni saa 2 asubuhi. Aisomaye 08.00 akafika saa 8 mchana, ataambiwa kwamba ndege yake iliondoka saa 6 zilizopita, na huenda nauli yake ikapotea.

Basi kabla ya kununua tikiti, jiulizeni: nitatoka nyumbani saa ngapi, na mlangoni pa yule niendaye kwake nitafika saa ngapi? Huo ndio muda wa safari. Mwenye kuitwa hospitali au barazani asubuhi, na asafiri siku iliyotangulia. Wazee walisema akiba haiozi, na akiba ya saa ni vivyo hivyo.