Hadhari katika Kutumia Vidonge vya Tamoksifeni
Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya dawa moja tu, nayo ni tamoksifeni. Hiki ni kidonge wanachoandikiwa wagonjwa wa saratani ya matiti ya aina inayochochewa na homoni ya estrojeni. Aghlabu mgonjwa huanza kukitumia baada ya kupasuliwa na kumaliza matibabu mengine, naye hutakiwa kunywa miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, na wengine hadi miaka 10. Wengi wao ni wanawake, ingawa wanaume nao hupata maradhi haya na hupewa dawa hiyo hiyo.

Urefu wa muda huo ndio mtihani wenyewe. Mtu huvuka bahari kwenda kutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akarejea kidonda kimepona na nguvu zimemrudia. Baadaye huanza kujiuliza anameza dawa ya maradhi gani, na yeye hajihisi kuumwa. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba, kwa wenye saratani ya aina hii, kutumia tamoksifeni kwa kiasi cha miaka 5 hupunguza vifo vya maradhi hayo kwa karibu thuluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Anayeacha katika mwaka wa pili kwa kuwa amejiona mzima hujikosesha sehemu kubwa ya kinga hiyo.

Hata hivyo, dawa hii ina hadhari zake. Ya kwanza ni damu kuganda ndani ya mishipa. Mguu mmoja ukivimba, shavu la mguu likiuma, au mtu akibanwa na pumzi ama kifua kwa ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile. Asichuliwe mguu kwa mafuta, wala asingojewe hadi kupambazuke. Anayekwenda Hija au safari nyengine ndefu ya ndege amwone daktari kabla, na akiwa safarini anyanyuke atembee kila inapowezekana. Vile vile, anayetaka kufanyiwa upasuaji wa aina yoyote amjuulishe daktari kwamba anatumia dawa hii.

Ya pili inahusu kizazi. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiona damu, hata tone, asilifiche jambo hilo, kwani kwa wachache tamoksifeni husababisha saratani ya mji wa mimba, na ikigunduliwa mapema hutibika. Najua wengi huona haya kulisema hilo mbele ya daktari mwanamume. Basi aambiwe muuguzi mwanamke, naye atalifikisha.

Dawa hii haifai kwa mja mzito wala anayenyonyesha, kwani inaweza kumdhuru mtoto. Ajabu yake ni kwamba ilipotengenezwa Uingereza mwaka 1962, watafiti walikuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Ikaonekana kwamba kwa wanawake huchochea yai kupevuka! Kwa hiyo, aliye katika umri wa kuzaa asidhani kwamba kukosa hedhi ni kinga. Atumie njia ya uzazi wa mpango isiyokuwa na homoni, na aendelee nayo kwa muda atakaoelezwa na daktari hata baada ya kuacha vidonge.

Mtaani kwetu bibi mmoja alimgawia wifi yake vidonge vyake kwa sababu naye alijihisi uvimbe katika titi. Wifi huyo alikuwa na mimba changa. Kwa bahati alimwuliza muuguzi kabla hajameza hata kimoja. Yule bibi hakuwa na nia mbaya, ila uvimbe wa titi si lazima uwe saratani, na si kila saratani hutibiwa kwa tamoksifeni.

Zipo pia dawa zisizopatana nayo. Baadhi ya dawa za sonona, kama paroksetini na fluoksetini, huweza kupunguza nguvu zake, na wafarini ikitumiwa pamoja nayo huleta hatari ya kutokwa na damu. Dawa za miti shamba nazo zitajwe kwa daktari bila ya kuogopa kugombwa.

Joto la ghafla mwilini na jasho la usiku husumbua sana, na wengi huacha dawa kwa sababu hiyo. Kwa kawaida hali hizo si za hatari, na daktari anaweza kusaidia. Macho yakiingia ukungu, hilo nalo liripotiwe.

Wengi wameniuliza kuhusu Ramadhani. Kwa kuwa kidonge ni kimoja kwa siku, mgonjwa ambaye daktari wake haoni kizuizi cha kufunga anaweza kukinywa wakati wa futari au wa daku, mradi asibadilishe wakati kila siku. Akisahau siku moja, asinywe viwili siku ya pili.

Vidonge viwekwe mahali pakavu, mbali na joto na mikono ya watoto, ndani ya pakiti yake yenye jina. Vinavyobaki virejeshwe kwenye duka la dawa la hospitali, na pakiti hiyo ichukuliwe kila mgonjwa anapokwenda kutibiwa, hata kama anakwenda kung'olewa jino.