Kinachomsimamisha Mwanamke Kiongozi
Mada iliyotolewa katika semina ya wanawake viongozi, Suneka, Kaunti ya Kisii



Nimeombwa nizungumzie namna mwanamke aliye uongozini anavyoweza kujijengea ustahimilivu. Nitasema mapema ninachoamini, ili mnipime nacho hadi mwisho. Sisi wanawake wa Gusii hatukosi uvumilivu. Tumelelewa nao, tunasifiwa kwa ajili yake harusini na matangani, na wengi wetu tumeumia kwa sababu yake. Tunachokosa ni vile vitu vinavyomzunguka kiongozi na kumshika siku anapopigwa: watu, maandishi, fedha zake mwenyewe, na mapumziko. Kila mtu hapa amewahi kuona mgomba uliobeba mkungu mkubwa. Hatuusifu mgomba huo kwa nguvu zake kisha tukauacha. Tunakata gongo tukauegemeza kabla upepo haujaja.

Nianze na mgeni aliyeletwa kwetu bila kupenda. Oktoba 1913 serikali ya kikoloni ilimkamata Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani huko Giriama, Pwani, ikamhamishia huku Kisii pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Simulizi inayojulikana sana ni kwamba walitoroka mwaka uliofuata wakarudi Pwani kwa miguu, safari ya takriban kilomita 1,000. Watu wanapoisimulia habari hii huishia kwenye miguu ya Mekatilili, na kweli miguu ile inastahili sifa. Lakini tazameni kilichotangulia. Kabla hajakamatwa alikuwa amezunguka vijiji akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga ambayo hakuna aliyeweza kuikataza kirahisi. Wanawake walikula kiapo chao cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi. Alipoondolewa, upinzani haukuzimika. Wagiriama walipigana na Waingereza mwaka 1914. Kazi ilikuwa imekwisha kushikwa na mikono mingi. Na hata njiani, katika safari ile ya kurudi, alikuwa na mwenzake.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwanzoni mwa 1908, hapa kwetu Moraa wa Ng'iti wa Kitutu alimchochea Otenyo amchome mkuki afisa Mwingereza Northcote, ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Waingereza walijibu kwa msafara wa adhabu ulioua watu wengi na kuteka mifugo. Moraa hakuwa na kiti cha utawala. Alikuwa na neno lililosikika. Kwa hiyo mtu akikwambia uongozi wa mwanamke ni jambo geni lililoletwa na Katiba ya 2010, mwambie arudi akaulize kwao.

Sasa tuje kwenye viti. Katiba ilisema kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vinavyochaguliwa, na Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitekeleza jambo hilo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga, mwana wa Nyamira, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa. Katika uchaguzi wa 2022 nchi ilipata magavana wanawake 7, kutoka 3 waliochaguliwa mwaka 2017, na mmoja wao, Gladys Wanga, ni jirani yetu wa Homa Bay. Huku kwetu, maeneobunge 9 ya Kisii na 4 ya Nyamira yote yalichagua wanaume. Nafasi mbili za wabunge wanawake tulizo nazo, ya Dorice Donya na ya Jerusha Momanyi, ni zile zilizotengewa wanawake.

Nayataja haya kwa sababu kuwa wachache kuna uzito wake. Mwanamke aliye peke yake katika kamati ya watu kumi na mmoja hupimwa kwa makosa ya wanawake wote. Akikasirika, wanawake wana hasira. Akinyamaza, wanawake hawana hoja. Akivaa vizuri, pesa imetoka wapi? Uchovu huo hautibiwi kwa kumwambia ajiamini. Unapungua anapopatikana mwanamke wa pili na wa tatu ndani ya chumba kilekile. Ndiyo maana kumvuta mwenzako aingie kwenye kamati ni sehemu ya kujilinda wewe mwenyewe.

Wawakilishi wa wadi (MCA) mlioteuliwa, mnayajua matusi yenu. Mnaitwa maua, mnaitwa bonga points, kana kwamba mlipewa kiti kama zawadi ya kununua vocha. Nataka mumkumbuke Njoki Ndung'u. Alikuwa mbunge wa kuteuliwa, hakuwa na eneobunge, na ndiye aliyeupeleka Bungeni mswada uliokuja kuwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Wanaume waliucheka. Baadhi ya maneno yaliyosemwa katika mjadala ule yaliwafanya wabunge wanawake watoke nje. Ili sheria ipite, ilibidi akubali kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kiondolewe. Fikirieni uchungu wa kukata kiungo cha kazi yako kwa mkono wako. Lakini sheria ikapita, na leo mtoto wa hapa Bonchari aliyedhulumiwa anasimama mahakamani juu yake. Kujua kipi ukiachie leo ili kingine kisimame ni ustahimilivu mgumu kuliko ule wa kupiga meza.

Kuna neno ambalo huku kwetu ni zito kuliko matusi hayo yote, na semina nyingi hulikwepa. Neno hilo ni omorogi, yaani mchawi. Oktoba 2021 huko Marani, katika kaunti hii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa kudaiwa kuwa wachawi. Walikuwa mama wa watu, wenye majirani waliowajua tangu ujana. Sisemi kwamba kila mwanamke kiongozi yumo katika hatari ya namna ile. Nasema kwamba neno lenyewe huwa halikai mbali na mwanamke mwenye shamba asiye na mume, mjane anayekataa kuhamishwa, mfanyabiashara ambaye duka lake linakua wakati la jirani linafungwa. Mwanzo huwa ni mzaha kwenye kituo cha bodaboda. Baadaye unakuwa wimbo wa watoto.

Kwa hiyo nawasihi, hasa machifu na manaibu wao: neno hilo likitajwa juu ya mwanamke yeyote, likatize siku hiyohiyo. Liite kwa jina lake, uchochezi wa mauaji, liandike, lipeleke kituoni. Usingoje lisemwe juu yako. Kiongozi aliyenyamaza mama mzee wa jirani alipotajwa hatakuwa na wa kumsemea zamu yake ikifika.

Hapo nafika kwa watu. Bibi zetu walikuwa na egesangio: wanawake wachache wakilimiana mashamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Hakuna aliyeomba msaada kama maskini, kwa sababu zamu yake ilikuwa inajulikana. Vyama vyetu vya leo vimerithi upande wa fedha na kusahau ule wa mgongo. Nawaomba kila mmoja wenu awe na kikundi kidogo ambacho yeye si mwenyekiti wake. Najua mtacheka, kwa sababu nyinyi ni wenyeviti wa kila kitu. Lakini mwanamke ambaye kila anapoingia watu husimama hana mahali pa kulia. Katika kikundi hicho awemo angalau mmoja anayeweza kukuambia umekosea bila kuogopa kupoteza chochote kutoka kwako. Mfanyakazi wako hawezi. Mpiga kura anayetaka karo hawezi. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, au mke wa kaka yako, au mwenzako wa chama kingine cha siasa.

Maandishi nitayapitia haraka, kwa sababu ni jambo rahisi linalopuuzwa. Kawira Mwangaza, akiwa Gavana wa Meru, aliletewa hoja ya kuondolewa na Bunge la Kaunti mara tatu, tangu Desemba 2022, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikaithibitisha. Simtetei wala simhukumu hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba vita vya namna hiyo hupiganwa kwa barua, kumbukumbu za vikao na risiti. Mwalimu mkuu anayeagizwa kwa simu alipe kitu nje ya bajeti, aombe agizo hilo kwa maandishi. Mweka hazina wa kikundi cha soko awe na nakala ya daftari nyumbani. Usiku ambao tuhuma zinasambaa WhatsApp, mwenye nakala atalala. Asiye nayo atazunguka nyumba.

Fedha. Kiongozi katika Gusii huchangia karibu kila Ijumaa: matanga, harambee ya kanisa, bili ya hospitali, karo. Mwanamke hutarajiwa kuchanga kama mheshimiwa na bado kuleta sufuria kama mama. Nimewaona waliouza ploti ili wasiaibike, na baada ya miaka mitano wakarudi nyumbani na madeni, kimya, wakiwakwepa watu sokoni. Aibu ile ndiyo inayowaua, zaidi ya kushindwa kwenyewe. Weka kiasi cha kutoa kwa mwezi, na kikiisha sema kimeisha. Toa mkono wako, toa muda wako, shika jembe. Biashara yako au majani chai yako uliyokuwa nayo kabla ya cheo yasife ukiwa kwenye cheo. Anayetegemea mshahara wa kiti kwa kila kitu hawezi kukataa amri mbaya, na watu wanaotoa amri mbaya wanalijua hilo.

Kuhusu mapumziko, tuna bahati ambayo hatuitumii. Sehemu kubwa ya watu wetu ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, kazi inakoma, duka linafungwa. Lakini kwa nani? Mwanamume anafunga duka, mwanamke anaanza kupikia wageni wa kesho. Kiongozi hupokea simu za wadi hadi ndani ya ibada. Wakatoliki na wengine, Jumapili yenu haina tofauti. Zima simu kwa saa chache na mwambie mtu mmoja wapi utapatikana kukiwa na kifo. Wana wako wa kiume wajifunze kupika. Mwanamke asiyelala vizuri kwa miezi hufanya maamuzi mabaya na kuwafokea watu asiowachukia, kisha anaambiwa hivyo ndivyo wanawake walivyo.

Na kuna mambo ambayo hayahitaji ustahimilivu wowote. Ukipigwa nyumbani kwa sababu umechelewa kikaoni, ukishikwashikwa kwenye msafara wa kampeni, picha zako zikighushiwa na kusambazwa, usiyabebe hayo kama msalaba. Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ni ya 2015. Ile ya makosa ya mitandaoni ni ya 2018. Ile ya 2006 nimekwisha kuitaja. Nasikia wazee wa ukoo watasema mambo hayo yaamuliwe nyumbani. Wazee nawaheshimu, na migogoro mingi ya mipaka wanaimaliza vizuri kuliko mahakama. Mwili wa mwanamke si mpaka wa shamba.

Nimalizie na kushindwa, kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 utawachukua baadhi yenu, na kwa hesabu za kura wengi watashindwa. Wangari Maathai aliacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1982 ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Alipoteza kazi, akapoteza na nyumba ya chuo. Mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, vuguvugu lake la kupanda miti lilitolewa kwenye ofisi za serikali, akaihamishia kazi nyumbani kwake. Jengo lile halikujengwa. Mwaka 1997 aligombea urais na ubunge, akashindwa kote kuwili. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpa asilimia 98 ya kura. Katika miaka yote hiyo ishirini hakuwa na cheo chochote cha kisiasa cha kuchaguliwa, lakini alikuwa na vikundi vya wanawake wenye vitalu vya miche, ambavyo hakuna waziri aliyeweza kuvifuta kwa barua moja. Alipofukuzwa huku, alikuwa na pa kwenda kufanya kazi kesho yake asubuhi.

Kwetu, mwanamke aliyeshindwa huachwa. Simu zinakoma, wenzake wa kampeni wanahamia kwa mshindi, na nyumbani anaulizwa pesa zimeenda wapi. Hapa Bonchari, katika uchaguzi mdogo wa Mei 2021, Teresa Bitutu aliingia ulingoni miezi michache tu baada ya kumzika mumewe, mbunge Oroo Oyioka. Hakushinda. Chochote mtu anachofikiri kuhusu chama chake, kusimama jukwaani ukiwa bado na msiba kunahitaji watu wa kukusindikiza hata kura zikishahesabiwa.

Naomba vikundi vya mchana vianzie hapo. Kila wadi itaje mwanamke mmoja aliyegombea mwaka 2022 akashindwa, iseme yuko wapi leo, anadaiwa kiasi gani, na nani kati yetu alimtembelea mara ya mwisho.