PUMZI NA NAFASI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Buyenzi, Bujumbura)





Nimetakiwa niseme machache juu ya pumzi, jambo ambalo kila mmoja wetu analitenda sasa hivi bila ya kuamrishwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hata 20 kwa dakika. Kutoka alfajiri hata alfajiri ya pili hupindukia mara 17,000, na azikumbukazo ni chache mno. Moyo nao hufanya kazi bila ya amri, lakini moyo hautusikii. Pumzi yatusikia: twaweza kuizuia, kuirefusha na kuikatiza. Ni mlango mmoja utumiwao na wenyeji wawili, mwili na nia. Na kwa mlango huo nia yaweza kuufikia hata moyo, kwani moyo huenda mbio kidogo tuvutapo pumzi, na hupunguza mwendo tuitoapo. Ndiyo maana mwenye hamaki akitoa pumzi polepole hutulia.

Lugha yetu iliyatambua hayo zamani. Katika pumzi tumepata kupumzika. Aliyeondokewa na hofu hushusha pumzi, na mwenye wasiwasi roho yake i juu. Kwa Kiarabu nafas ni pumzi, nalo lina shina moja na nafs, yaani nafsi ya mtu. Kwetu nafas limekuwa nafasi. Basi tusemapo kuwa chumba hakina nafasi, twasema, pasipo kutambua, kuwa hakina pumzi. Naomba mlishike neno hili.

Vyuoni mwetu mtoto hufundishwa pumzi kabla hajajua kuwa afundishwa. Huambiwa asimame wapi katika kusoma Kurani, kwani kusimama pasipo mahali pake huweza kuigeuza maana. Na pumzi zikimwishia katikati, hurudi nyuma neno moja au mawili ndipo aendelee. Huambiwa pia asipumue ndani ya chombo anyweacho. Mpiga zumari wa pwani naye ana elimu yake: huweka hewa mashavuni, akaisukuma huku avuta nyingine kwa pua, hata sauti isikatike. Sijui fundi gani wa viwandani awezaye kujisifu mbele yake.

Lakini pumzi hufanya nini ndani? Kwa karne nyingi matabibu walimfuata Galen, Myunani, aliyefundisha kuwa damu hupenya kutoka upande wa kuume wa moyo hata wa kushoto kwa vitundu visivyoonekana. Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikataa. Alipoisherehesha kazi ya Ibn Sina aliandika kuwa ukuta ule ni mnene na hauna njia. Damu huenda mapafuni, huchanganyika na hewa, kisha hurudi moyoni upande wa kushoto. Huko Ulaya jambo hilo halikuchapishwa hata mwaka 1553. Kitabu chake kilisahauliwa, mpaka mwaka 1924 tabibu wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoukuta mswada katika maktaba ya Berlin. Yanipasa kusema kwamba kujivunia wazee hakutoshi ikiwa nyumbani mwetu twaishi kana kwamba hawakuandika kitu.

Nasema hivyo kwa sababu ya makaa. Jamaa zetu walio milimani, Bugarama na Kayanza, wapata baridi kali usiku, na wengi huliingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa nguo. Huona makaa yameshika vizuri, hayana moshi, basi hayana madhara. Kumbe makaa yakosapo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika hewa hiyo kwa nguvu zipitazo mara 200 nguvu inayoshikia oksijeni, ikawa kila chombo kimekwisha jaa abiria asiyestahili.

Na hapa ndipo penye hatari yenyewe. Kimlazimishacho mpiga mbizi kurudi juu si upungufu wa oksijeni hasa, bali ni wingi wa kaboni dayoksaidi mwilini. Katika chumba cha makaa mtu aendelea kuitoa kaboni dayoksaidi kama kawaida. Kwa hiyo mwili haupigi kelele. Aliyelala haamki akitweta. Hulala zaidi. Hicho ndicho chumba kisicho na nafasi, ingawa kina vitanda viwili tu.

Basi waandikieni jamaa zenu, au wapigieni simu usiku huu. Jiko liotwe nje au mlango ukiwa wazi, kisha litolewe kabla ya kulala, hata likiwa na majivu yenye moto kidogo. Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, msidhani ni chakula. Tokeni nje kwanza. Na aliyezimia ndani atolewe penye hewa, kisha apelekwe hospitali bila ya kukawia. Najua wengi wetu hukimbilia maziwa. Maziwa huenda tumboni, na sumu hii i katika damu.