MAWASILIANO YA REDIO YA NGUVU NDOGO: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI



Nitaeleza aina ya mawasiliano inayowavutia wapenzi wengi wa ufundi wa redio, iitwayo LoRa.

Ufundi huu ulibuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Masafa ya ishara yake hayakai mahali pamoja, bali hupanda au kushuka kwa mpango maalumu, mfano wa mluzi. Kwa sababu hiyo, kipokezi huweza kuitambua hata pale ambapo kelele za hewani zinaizidi nguvu mara 100. Mwaka 2017, barani Ulaya, ishara ya miliwati 25 tu iliyorushwa kutoka kwenye puto lililokuwa angani kiasi cha kilomita 38 ilipokelewa umbali wa kilomita 702.

Hata hivyo, tusidanganyike na umbali huo. Puto lilikuwa juu, nasi tuko chini. Mawimbi haya huenda karibu sawa na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Antena iliyo kwenye mlingoti wa mita 9 hufikia upeo wa kilomita 12 hivi. Ukiwapo mlingoti wa pili wa urefu huo huo, umbali baina yao hufika kilomita 24. Miti na kuta za mawe huupunguza zaidi. Hivyo basi, kuinua antena kuna faida kubwa kuliko kuongeza nguvu.

Aidha, mwaka 2020 ulianzishwa mradi wa Meshtastic, ambao programu yake hutolewa bure. Kila chombo hupokea ujumbe wa mwenziwe na kuupeleka mbele, kwa kawaida mara 3, na kamwe si zaidi ya mara 7. Hapana haja ya mnara wa simu wala intaneti. Lakini kasi yake ni ndogo mno: maandishi mafupi hupita, mazungumzo ya sauti hayapiti.

Ndugu wananchi, naomba tuzingatie mambo yafuatayo:

(a) Masafa hutofautiana baina ya nchi na nchi. Ulaya hutumia megahezi 868 na Marekani 915. Kabla ya kuagiza chombo, mtu aiulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

(b) Ufunguo wa siri unaokuja na programu ya Meshtastic unajulikana na watu wote. Asiyeubadilisha ajue kuwa maneno yake yanaweza kusomwa na yeyote. Barua za ofisi zisipitishwe humo.

(c) Ujumbe waweza kupotea njiani. Mvuvi aendaye bahari kuu asiache redio yake ya VHF, yenye chaneli 16 ya kuombea msaada, kwa kutegemea chombo hiki.

Tukiyashika hayo, vijana wetu watajifunza ufundi wenye manufaa bila ya kuhatarisha maisha ya mtu.