Ardhi Huchukuliwa Kwanza kwa Kalamu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Sekei, Arusha)



Mlitutaka tueleze jinsi Wamarekani walivyoenea kuelekea magharibi miaka mia mbili iliyopita. Huenda mtu akauliza: ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Subirini kidogo. Tutakwenda huko, kisha tutarudi mpaka upande wa pili wa mlima huu wa Meru.

Mwaka 1803 Marekani ilinunua kwa Napoleon wa Ufaransa nchi iliyoitwa Louisiana, kwa dola milioni 15. Kwa ununuzi huo ukubwa wa Marekani uliongezeka karibu mara mbili. Itazameni biashara hiyo. Muuzaji yuko Paris, mnunuzi yuko Washington, na wenyeji waliozaliwa humo, wakawinda na kulima humo, hawakuulizwa neno.

Yakaja ya Wacherokee, waliokaa kusini mashariki. Hao walilima mashamba, walijiandikia katiba mwaka 1827, walisoma lugha yao kwa herufi zilizobuniwa na mwenzao Sequoyah, na tangu 1828 walikuwa na gazeti lao. Kila walichoambiwa kuwa ndio ustaarabu walikifanya. Hakikuwaokoa. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji wapelekwe magharibi. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ilisema jimbo la Georgia halina mamlaka katika nchi ya Wacherokee, lakini hukumu hiyo ikabaki karatasi. Mwaka 1835 kikundi kidogo, bila idhini ya taifa lao, kikatia sahihi mkataba wa kuitoa nchi yote. Mkuu wao John Ross akapeleka malalamiko yenye maelfu ya sahihi, wala hayakusikilizwa. Mwaka 1838 wakaja askari. Watu wapatao 16,000 walifukuzwa makwao, na inakadiriwa kuwa wapata 4,000 walikufa katika msiba huo.

Sasa turudi nyumbani.

Wajerumani walipoutiisha mlima huu waliwagawia walowezi ardhi iliyouzunguka, na Makaburu waliotoka Afrika Kusini wakapewa upande wa kaskazini. Wameru na Waarusha wakabaki juu mlimani, mashamba ya wageni yamewazunguka kama pete ya chuma. Watu wakazidi, ng'ombe wakazidi, ardhi haikuzidi. Waingereza walipoingia, pete hiyo hawakuivunja.

Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa taarifa yake kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Ikashauri kwamba Engare Nanyuki, walikokaa Wameru, iwe ya Wazungu, ili mashamba yao yawe eneo moja lisilochanganyika. Wameru waambiwe wahamie Kingori. Angalieni, ndugu zetu: siku ile hapana nyumba iliyoungua. Ilichorwa ramani tu. Moto ulikuja miaka minne baadaye.

Novemba 1951 askari waliingia Engare Nanyuki. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa, mifugo yao ikaswagwa. Kingori kulikuwa na joto, malaria na mbung'o. Serikali ikatoa fidia. Wameru wakaikataa, kwa sababu anayepokea bei amekubali kwamba ameuza.

Hapo ndipo Wameru walipotufundisha jambo. Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko, wakamchagua Kirilo Japhet awasemee. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka huo huo shauri likafika kwenye Mkutano Mkuu, wengi wakawaunga mkono, lakini theluthi mbili zilizotakiwa hazikupatikana. Kwa hesabu ya kura, walishindwa.

Lakini je, walishindwa? Kirilo aliporudi alizunguka nchini akieleza yaliyowapata. Watu wa mbali, ambao hawajaiona Meru, walitambua kwamba kilichochomwa kule kingeweza kuchomwa na kwao. Miaka miwili baadaye, Julai 7, 1954, TANU ilizaliwa. Desemba 9, 1961 bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshushwa. Na leo ukienda Engare Nanyuki utawakuta Wameru wakilima.

Basi sisi tujifunze nini? Tunaona mambo mawili.

Kwanza, ardhi huchukuliwa kwa kalamu kabla ya kuchukuliwa kwa nguvu. Louisiana ilikwenda kwa hati, nchi ya Wacherokee kwa mkataba wa wachache, Engare Nanyuki kwa taarifa ya tume. Leo hatuna gavana wa kigeni wa kumlaumu. Ardhi yetu ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imewapa wanakijiji mkutano wao wa kusema. Lakini mkutano unapoitishwa, tuko wapi? Tuko sokoni, tuko safarini, kisha karatasi ikishatiwa sahihi tunalia. Kama babu zetu walikataa fidia wakiwa na njaa, sisi tunaoweka sahihi tusichokisoma tutawajibu nini?

Pili, haki isiyoandikwa husahaulika. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ile ya Novemba 1951 leo ni mzee. Kila anayezikwa huenda na ushahidi wake.

Kwa hiyo tunawaomba neno moja. Kila mwanachama kijana wa hapa Sekei, kabla mwaka huu haujaisha, amwendee mzee mmoja na daftari. Aandike: shamba lilikuwa wapi, mpaka wake ulikuwa nini, nani alikuwapo siku ile. Kalamu ndiyo iliyotutoa. Safari hii tuishike sisi.