Kompyuta moja, akaunti ya kila mtu



Katika nyumba nyingi hapa kwetu kompyuta ni moja. Mama anajazia ritani za KRA, kijana anaombea mkopo wa HELB, mdogo anafanyia kazi ya shule, na wote wanaingia kwa akaunti ya mama. Mtoto akifungua eCitizen, nenosiri la mama linajijaza lenyewe, kwa sababu kivinjari kililihifadhi. Hilo si jambo dogo.

Basi kila mtu afunguliwe akaunti yake. Hapo ndipo malalamiko huanza: "Programu imepotea!" Haijapotea. Kwenye Windows, programu iliyowekwa kwa ajili ya watumiaji wote kwa kawaida hukaa katika folda ya Program Files, na kila akaunti huiona. Iliyowekwa kwa mtumiaji mmoja hukaa ndani ya folda zake, wengine hawaipati. Kwa hivyo, ukiulizwa wakati wa kuiweka kama ni ya mtumiaji huyu au ya wote (swali ambalo wengi hulipita mbio), chagua wote. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ikiwekwa hivyo mara moja inatosha nyumba nzima. Hakuna haja ya kumaliza bando tena, wala kumlipa fundi mara ya pili.

Za kulipia, someni leseni kwanza. Nyingine hufuata jina la aliyenunua, si kompyuta.

Watoto wapeni akaunti za kawaida. Ya msimamizi ibaki kwa mzazi. Picha za familia ziwekeni katika folda ya Public, ambayo kila akaunti huifikia.